Nyimbo za Goti la Babu

Nyumbani kwetu hatukuwahi kununua saa ya ukutani. Tulikuwa na goti la babu.

Goti lenyewe ni la kulia, na ndani yake kulikuwa na kipande cha chuma kilichoingia wakati wa vita vya Kagera na kikakataa kutoka. Babu alikiita mpangaji. Alikuwa akisema huyu mpangaji amekaa miaka yote hii bila kulipa kodi, na kila alfajiri anahamisha vitanda. Vitanda vikianza kuhamishwa, babu anaimba, na babu akiimba sisi wote tunaamka: mimi naenda kusaka sare ya shule, bibi anakoka moto, baba anafungulia ng'ombe.

Nyimbo zilikuwa na vyeo, kama jeshini. Akipiga mluzi tu, maumivu ni ya kawaida, mpe uji ataendelea na maisha. Akiimba ule wimbo wao wa kuvuka mto, wa viatu kujaa maji na mkate kulowa, basi siku hiyo usimtume kitu na usimpitie mbele. Lakini ukisikia ameanza wimbo wa kanisani, kimbia ukamwite baba. Babu kanisani haendi. Alikwenda siku ya harusi yake, na hata hiyo bibi anasema alisimama mlangoni.

Mgeni angeuliza: kwa nini mzee asilie tu, au aseme "jamani, goti linaniua," apewe dawa, watu walale? Huyo mgeni hajazaliwa Itiryo, kijiji chetu cha mpakani. Huku kwetu kijana anapotahiriwa anasimama wima mbele ya watu, mama zake, shangazi zake, wasichana wa kijiji kizima, na kisu kinafanya kazi yake, na yeye hatakiwi kupepesa hata jicho. Ukikunja uso, watu watakukumbusha siku ya harusi yako, na siku ya msiba wako atapatikana mmoja wa kunong'ona pembeni ya kaburi. Siku yangu mimi, babu ndiye aliyesimama karibu, akaniinamia sikioni: "Mura, kijana wangu, ukipepesa jicho tu, nyumbani nitarudi peke yangu. Wewe utapitiliza ng'ambo ya mpaka ukaishi kwa shangazi yako, ukafundishe kwaya ya wanawake."

Sikupepesa. Ila nilicheka kidogo, na mpaka leo wazee wanajadili kama kucheka nako ni kosa.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo, na waliomlea walilelewa hivyo, utamwambia aseme "inauma" ataanzia wapi?

Baba yangu hakuweza kumuuliza. Baba ni mtoto wake. Mtoto hamuulizi baba yake mambo ya mwilini. Babu akianza wimbo wa mto, baba alikuwa anawatazama ng'ombe kwa bidii sana, kama vile mmoja wao ndiye anayeimba. Mimi lakini ni mjukuu, na mjukuu na babu yake ni watani. Bibi ni mke wangu kwa mujibu wa mila, kwa hiyo mimi na babu ni washindani, na yeye huniita mwizi wa mke wake hata mbele ya mwalimu mkuu. Ninaweza kumwambia lolote. Kazi hiyo nilipewa bila kuomba na ninaifanya kwa moyo.

Mwaka jana mpangaji alianza vurugu. Goti lilivimba likawa kama boga, ngozi ikang'aa. Tabibu wa zahanati akalitazama, akatutazama, akasema chuma kimeanza kutembea. Kisipotolewa kwenye hospitali yenye vifaa, mguu utaoza, na mguu ukioza hauna dawa nyingine ila msumeno. Babu akamjibu kwamba alishasikia mizinga, msumeno haumtishi. Tukatoka. Njiani aliimba wimbo wa kanisani beti zote, na beti alizozisahau akazitungia maneno.

Fedha za upasuaji hatukuwa nazo. Tulikuwa na mali moja ya maana, maksai wawili wa plau, na kuuza maksai msimu wa kulima unakaribia ni sawa na kuuza meno halafu ununue nyama.

Ndiyo maana baba alianza kusikiliza redio.

Ilikuwa majira ya bajeti, na bungeni wakafika kwenye jambo la wazee waliopigana vita, hasa wale walioitwa kutoka vijijini kama mgambo, kama babu, wakapewa bunduki, wakaenda, wakashinda, wakapewa nishani, wakaambiwa sasa rudini mkalime. Hao pensheni hawana. Swali lilikuwa: matibabu yao serikali ibebe au isibebe? Tukakaa uani, redio juu ya kinu kilichopinduliwa.

Mbunge wa kwanza akasema kwa uchungu mkubwa kwamba wazee hawa ni hazina ya taifa.

"Hazina huwa inafukiwa," babu akasema. "Wanasubiri tu tufike chini."

Mbunge wa pili akauliza fedha zitoke wapi wakati barabara hazijaisha na watoto wanakaa sakafuni. Wa tatu akasema wapo wazee wa uongo, watu ambao vita viliisha wakiwa bado wananyonya, nao leo wanachechemea kwa ajili ya posho. Wabunge wakagonga meza. Halafu akasimama mkubwa mmoja, akashukuru kwa kupewa nafasi, akashukuru kwa kushukuru, akasema serikali ni sikivu, imelipokea, na mchakato unaendelea.

"Mchakato ndiyo nini?" bibi akauliza.

"Ni mnyama," nikamwambia. "Anaendelea tu. Hajawahi kufika."

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa uraia, mtu anayependa mijadala kuliko mshahara, akatangaza mdahalo wa kidato cha tatu: serikali itenge fedha zaidi kwa matibabu ya waliopigana vita. Akagawa pande kwa kutupia macho tu. Mimi akaniweka upande wa kupinga, nadhani kwa sababu ninapinga kila kitu bila kuombwa.

Nikarudi nyumbani kutafuta hoja. Nani atanisaidia? Nikamfuata babu nyuma ya zizi, amenyoosha mguu juu ya gogo, anapiga mluzi.

"Babu, nimepewa kazi ya kukunyima matibabu. Nisaidie."

Akanitazama. Nikajua nitapigwa fimbo au nitapewa hotuba. Akasogea, akanipisha kwenye gogo.

"Kaa. Umeandika nini mpaka sasa?"

"Nimeandika kwamba serikali haina fedha."

"Hiyo hoja ya mtoto. Watakuuliza mbona magari yao yana fedha. Andika hivi: mwanaume hakwenda vitani ili alipwe. Ukilipwa, wewe ni kibarua."

Nikaandika.

"Andika: tuliokwenda tulikula. Kule kulikuwa na nyama za makopo. Mwenzako aliyebaki hapa mwaka ule wa njaa alikula nini?"

"Babu, hii nzuri sana."

"Andika na hii: askari akishaanza kuhesabu majeraha yake mbele ya watu, adui anafurahi hata kama alishakufa."

"Na goti lako?"

"Goti halimo kwenye mada," akasema. Mluzi ukageuka wimbo wa mto.

Nilishinda. Nilishinda vibaya mno, darasa zima likasimama, msichana mmoja wa upande wa kutetea akalia. Nikazawadiwa pakiti ya biskuti. Jioni tulikaa na babu tukazila, biskuti za kumnyima yeye matibabu, na yeye akala nyingi kuliko mimi. Bibi akatupita na ndoo ya maji, akasimama. "Mmekutana wawili wasio na akili," akasema. "Yule anayeoza na yule anayemchekea."

Haikupita muda mtendaji wa kijiji akapita na bodaboda, kipaza sauti kimefungwa nyuma kwa mpira, anatangaza: inakuja timu ya madaktari kuwapima wazee wote waliopigana vita. Atakayeonekana ana madhara ya vita, jina lake litapelekwa atibiwe kwa gharama za serikali. Wafike ofisi ya kata bila kukosa.

Baba alisimama katikati ya uwanja na kamba ya ng'ombe mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tabibu aseme msumeno nikaona mabega yake yameshuka. Maksai watabaki. Mguu utabaki. Kilichotakiwa ni babu kufika pale na kusema ukweli.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo sijui kama kuna watu wengine duniani wangelifanya.

Wazee walisikia neno "kupimwa," wakaelewa kukaguliwa. Kichwani mwao wakawa tena kwenye gwaride. Siku ilipofika, babu aliamka akanyoa ndevu, akapaka viatu mafuta ya kupikia, akavaa koti lenye nishani, akamtaka bibi apige pasi suruali mpaka mstari wake ukate mtu. Halafu akaiegemeza fimbo yake ukutani, akaiacha.

"Fimbo unaiacha?" bibi akauliza.

"Naenda kuonana na wakubwa."

"Mzee, unakwenda kuonyesha ugonjwa au unakwenda kuoa?"

"Kama ni kuoa, mke mmoja ameshaibwa na huyu," akasema akininyooshea kidole, na akatoka kwa miguu miwili kama mtu ambaye hajawahi kumsikia mpangaji yeyote.

Nilikwenda naye, na baba pia. Shule ilikuwa imefungwa. Pale ofisi ya kata kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na diwani mwenye hotuba. Wazee wote walikuwa hivyohivyo. Wamenyoa! Wamesimama mstari juani, vifua mbele, vichwa juu, huku nyuma yao wake zao na wajukuu wamejaa kuangalia. Mbona ilikuwa tohara tupu, kasoro kisu. Wengi walikuwa wa rika moja na babu, wa saro moja kama tunavyosema, waliosimama pamoja wakiwa vijana na kila mmoja akamwangalia mwenzake kama atapepesa. Na sasa wanaangaliana tena.

Diwani akasema wazee ni hazina. Nikamtazama babu, akatazama chini. Tukagawiwa fulana na kofia. Fulana zote zilikuwa za saizi moja, ya diwani.

Daktari alikuwa dada mdogo, hata sikudhani amemaliza chuo. "Shikamooni wazee."

"Marahaba!" Ilitoka kama bunduki.

Aliyetangulia ni jirani yetu, mzee ambaye mgongo wake ulivunjwa na gari la jeshi lililopinduka, na hadi leo akitaka kukaa lazima aanze kupanga tangu saa ya chai. Daktari akaangusha kalamu chini.

"Mzee wangu, hebu niokotee hiyo kalamu."

Jirani akaitazama kalamu. Akaitazama saro yake. "Binti," akasema, "mwanaume wa rika langu haokoti vitu. Anaokotewa."

Watu wakashangilia. Daktari akainama akaokota mwenyewe, akaandika. Mzima. Huyo mzima!

Wa pili, mzima. Wa tatu alikohoa kifua kikagonga kama debe, akasema ni vumbi la barabara, na kama kuna tatizo serikali ishughulike na barabara. Mzima. Nikamwona baba anafunga na kufungua vishikizo vya shati lake.

Akafika babu. Akapanda meza ya kupimia bila kusaidiwa, na ni mimi peke yangu niliyeona alivyouma shavu kwa ndani. Daktari akapandisha suruali. Boga likatokea.

"Mzee, hapa panauma?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Bonyeza tu, binti, usiogope. Ni mwili."

Jasho likamtoka juu ya mdomo pale aliponyoa. Daktari akashika kisigino, akaukunja mguu taratibu. Na babu, macho juu kwenye turubai, akafungua kinywa akaanza wimbo wa kanisani.

Kwa sauti. Yaani beti ya kwanza yote.

Daktari akatabasamu kwa upole. "Mzee ana sauti nzuri! Unaimba kwaya?"

Diwani akapiga makofi, akageukia umati: "Mnaona? Mnaona wazee wetu walivyo na furaha?" Watu wakapiga makofi. Daktari akaachia mguu, akachukua kalamu.

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatafuta ng'ombe wa kutazama, na pale hakukuwa na ng'ombe hata mmoja.

"Daktari," nikasema, "usiandike. Na nyie msimpigie makofi. Huyo analia."

Babu akageuza shingo polepole.

"Nani amemruhusu huyu mwizi hapa ndani?"

"Mila imeniruhusu," nikasema. "Daktari, huyu mzee anaongea kwa nyimbo. Mluzi ni paracetamol. Wimbo wa mto ni sindano. Wimbo wa kanisani ni gari la wagonjwa. Kanisani haendi! Muulize mchungaji kama anamjua. Sisi nyumbani tunaamshwa na hilo goti, hatuna saa, tukikosa wimbo tunachelewa shule."

"Mwongo!" babu akasema.

"Kama mimi mwongo, shuka hapo mezani urukie mguu huo mmoja. Mara moja tu. Saro yako inakutazama."

Ndiyo, najua. Kumwambia mzee hivyo mbele ya rika lake ni zaidi ya utani, ni utani uliovuka barabara bila kuangalia magari. Wazee wote walinikazia macho. Nikawaza fimbo ngapi zitanishukia, halafu nikakumbuka fimbo zote wameziacha nyumbani.

Daktari alikuwa ameshika kalamu hewani. Yule dada hakuwa mjinga. Hakumuuliza babu tena kama inauma. Akamgeukia jirani yetu, yule wa mgongo.

"Na wewe mzee, ukiamka asubuhi, unaimba wimbo gani?"

Jirani akavimba. "Mimi? Huyu ana kawimbo. Mimi naanza kabla jogoo hajawika. Naimba ya kikosi chetu yote, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa bado sijakaa kitandani."

"Ule wenu mfupi," akadakia wa kifua. "Mimi usiku naimba mara mbili."

"Unaimba au unabweka?"

"Njoo ulale kwangu usikie!"

"Mimi mke wangu ananisaidia kiitikio!"

Basi tena. Watu waliokataa katakata kwamba wanaumwa wakaanza kugombania nani anaimba sana, wapi, saa ngapi, akigeukia upande gani, akikohoa, akichuchumaa chooni. Yule wa mgongo akadai wimbo wa chooni ni wake na wote wameuiga. Wanawake kwa nyuma wakawa wanathibitisha, "Kweli kabisa, huyo anaimba," wakicheka mpaka wanashikana mabega. Kila mzee akiimba kipande chake daktari anashika mahali, anabonyeza, wimbo unapanda, anaandika. Diwani akabaki na makofi yake mkononi hajui ayapige wapi. Kabla jua halijapinda, hakuna aliyekuwa mzima tena ukoo mzima wa Kagera.

Babu aliandikiwa upasuaji, haraka. Daktari alipigia mstari neno haraka. Nililiona kwa macho yangu.

Kurudi nyumbani ikawa shida, maana fimbo ilibaki ukutani na mguu sasa umekataa. Babu akanishika bega la kushoto, kwa nguvu, vidole vikaingia.

"Tembea," akasema. "Watu wajue nimekukamata."

Tukatembea hivyo, yeye ameniegemea uzito wake wote, uso ameukunja kama askari aliyekamata mwizi wa kuku. Tuliokutana nao wakanionea huruma. "Amefanya nini tena huyu?" "Ametukana wazee!" Mimi nachechemea chini ya mzigo, mkosaji amembeba polisi.

"Umenivua nguo mbele ya saro yangu," akasema tulipofika kwenye mteremko wa kijito.

"Nimekuvua suruali tu, babu, mpaka gotini."

Hakucheka. Hatua kadhaa mbele nikasikia bega langu linatikisika, nikadhani analia kweli. Alikuwa anacheka, huku anapiga mluzi.

Ningependa niseme gari lilikuja wiki iliyofuata. Mchakato ulikuwa unaendelea. Mtendaji tulimuuliza, akasema majina yamekwenda wilayani. Tukauliza tena, yamekwenda mkoani. Mara ya mwisho yalikuwa yamekwenda juu, na hapo hata mtendaji mwenyewe alinyoosha kidole mbinguni, kama vile atakayesaini ni Mwenyezi Mungu. Binamu yangu wa ng'ambo ya mpaka alipokuja kutembea akasema serikali ya kwao ingekuwa ishalipa kitambo. Babu akamuuliza ni serikali ipi hiyo, ahamie leo, na binamu akarudi kwenye ugali wake.

Redioni tulimsikia yule mkubwa wa kushukuru. Akasema wazee wetu wa Mara wamefikiwa, wamepimwa, na wamepewa vifaa. Nadhani alimaanisha kofia.

Goti likaanza kunuka. Asubuhi moja babu hakuimba kitu, na sote tulichelewa kuamka. Baba alikwenda akasimama kwenye mlango wa chumba cha baba yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akatoka, akaenda zizini, akafungua maksai mmoja, yule mwenye pembe iliyopinda, akamwelekeza njia ya mnadani. Babu alijikokota mpaka dirishani.

"Huyo ndiye anayelima!"

"Na wewe ndiye uliyemnunua," baba akasema bila kugeuka. Ni maneno makali zaidi niliyowahi kumsikia akimwambia baba yake, na alikuwa anafuta macho kwa kamba ya ng'ombe.

Babu akabaki dirishani mpaka vumbi likatulia. "Nchi nzima nimeipigania," akasema, "halafu ninatibiwa na dume."

Maksai mmoja havuti plau. Mwaka huu tumelima kwa jembe la mkono, na mimi mikono yangu ina malengelenge ambayo nayatoa kama ushahidi kwa yeyote anayetaka kujadili bajeti.

Hospitali ya mjini ina dirisha la wazee lenye bango la kuwaheshimu, rangi nzuri, limeandikwa mpishe mzee apate huduma. Tulipishwa. Tulipishwa mpaka dirisha la pili, ambako tuliambiwa huduma kwa wazee ni bure na dawa hazipo, ila zipo kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Dume akanunua dawa, nyuzi na glavu. Nilipomwambia muuza duka kwamba mgonjwa wetu ni shujaa wa taifa, akanipa mfuko wa kubebea bila kunidai.

Daktari wa upasuaji alikuwa mzee kidogo, mwenye haraka. Akamlaza babu, akafunua goti.

"Mzee, lazima nijue kabla sijaanza. Inauma wapi, na inaumaje? Usinifiche."

Babu akatazama chumba. Hakukuwa na saro, wala bibi, wala diwani. Kulikuwa na mimi.

"Wewe," akaniambia. "Toka nje."

"Babu, mimi ni mtani wa..."

"Mura, toka."

Nikatoka. Mlango haukufunga vizuri, na kwenye korido kulikuwa na benchi lililojaa watu, wanawake, wazee, na wawili niliowajua kwa sura kutoka kwetu. Kwa ndani nikamsikia babu akivuta pumzi ndefu, ile ya mtu anayeinua gunia. Nikajua anakwenda kulitamka lile neno "inauma." Na wale wa kwenye benchi wangelisikia.

Nikaanza kuimba. Wimbo wa mto, wa viatu kujaa maji na mkate kulowa, kwa sauti yote niliyojaliwa, na sauti yangu ndiyo kwanza inavunjika, inapanda inashuka kama bodaboda isiyo na breki. Watu wa benchi wakashtuka. Nesi akatoka mbio na trei mkononi.

"Kijana! Hapa ni hospitali!"

"Samahani, dada. Nakaribia kumaliza. Babu yangu anaongea na daktari."

Nikarudia kiitikio.

Mpangaji alitolewa siku hiyo. Ni kidogo kuliko nilivyodhani, kama punje ya mahindi iliyoungua, na sasa anakaa kwenye chupa ya dawa pamoja na nishani. Babu anatembea na fimbo na haimbi, kwa hiyo sisi tunachelewa shule na bibi anasema nyumba imekuwa kama ya mchawi.

Juzi mtendaji amekuja na bodaboda, kipaza sauti kimezimwa, uso umejaa habari njema. Jina la babu limerudi kutoka juu. Limepita! Ila kabla ya kutibiwa itakuja timu nyingine kuhakiki kama madhara ya vita bado yapo mwilini.

Babu aliingia ndani, akatoka na chupa ya mpangaji, akaitikisa karibu na sikio la mtendaji ikalia kwakwa-kwakwa.

"Waambie waje," akasema. "Nitamnyoa ndevu, nimpigie pasi, wamuulize wenyewe kama anaumwa."